Mwiko Uliolika Kabla ya Kupika

Kwetu, mama wa nyumba akifa, mwiko wake hupasuliwa na kuwekwa juu ya kaburi. Wa mama tuliupeleka hivyo, na tangu siku hiyo baba akaacha kula. Dada akisonga ugali wa ulezi kwa mwiko wa dukani Sumbawanga, mzee anaonja, anasukuma sahani. "Huu hauna mkono wa mama yenu," anasema. Alikuwa anakwisha tukimwona.

Mimi nilikuwa nyumbani tu, nimepunguzwa kazi baada ya shirika letu kuuzwa. Nikaazima tezo, nikakata tawi la mninga, nikaanza kujifunza kuchonga vikombe na miiko. Mninga mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mimi mjuaji sikuambilika. Kikombe cha kwanza nilikianika karibu na moto, kikapasuka mpaka kitako. Cha pili kilivuja. Miiko miwili ilifaa kuwa kuni; dada alicheka mpaka akakaa chini.

Mwiko wa tatu ulinitii. Niliusugua kwa msasa ukawa sawa pande zote, nikauacha kivulini ukauke taratibu. Siku nilipouchukua, ukingo mmoja ulikuwa umelika, mwembamba na laini, kama wa mwiko uliokwangua chungu miaka mingi. Nilidhani nimekosea kupima. Shangazi yangu, aliyetoka Mpui kumwangalia kaka yake, aliushika, akanirudishia upesi.

"Mwanangu, huu umeshapikia."

"Shangazi, nimeuchonga juzi tu."

"Mama yako alikuwa wa mashoto. Wa kwake ulilika hivihivi, upande ambao ya wengine hailiki. Utie motoni."

Nilipiga hatua kuelekea motoni. Lakini baba alikuwa hajala, na mimi nilimtaka baba. Nikampa dada mwiko bila kumwambia neno.

Baba alikula. Alimaliza ugali wote na maharage, akaomba ukoko. Dada alilia kwa furaha, nami nikajiona fundi, nikamtania shangazi kwa woga wake. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama baba, ambaye alinawa polepole huku ametega sikio kuelekea jikoni.

"Nimeshiba, mama watoto," alisema kwa upole. "Nakuja."

Jikoni hapakuwa na mtu. Sote tulikuwa pale mkekani, na mimi nilimshika baba mkono kwa nguvu, kama mtoto anayekataa kuachwa.