Lori Lililopakiwa kwa Alfabeti

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyopakia lori kwa alfabeti. Usicheke bado, cheka nikimaliza, utakuwa na sababu zaidi.

Reli ilikuwa ingali ngeni Shinyanga, na dhahabu ya Geita imeanza kuwatoa watu makwao. Mizigo ilishushwa stesheni, na kampuni yetu ya uchukuzi ikaipeleka magharibi kwa malori. Mimi nilikuwa karani wa ghala, wiki ya tatu kazini, kalamu sikioni na cheti cha shule ya Tabora, ambako, tuambizane kweli, nilikuwa nikihesabu siku za likizo kama mfungwa. Safari sikuipenda tangu utoto. Niliomba kazi ya uchukuzi kwa kuwa niliona mzigo ndio unaosafiri, karani anabaki.

Mkuu wa wapakiaji alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mwenye shingo nene, aliyebeba mali za watu kichwani mpaka pwani kabla hatujajua lori ni nini. Asubuhi ile aliniuliza, "Karani, nani anashushiwa kwanza?"

Nikamjibu, "Mzee, hii ni kazi ya kalamu."

Akaenda kuwaita wapakiaji wake. Mwanangu, mzee akikuachia namna ile, usidhani umeshinda.

Basi nikapanga kwa majina ya wenye mali, A mpaka Z, kama orodha ya darasani. Mali ya Bwana Abdallah wa Tinde, mchele na nguo, ikatangulia chini kabisa. Juu yake ikakaa mashine ya kusagia mawe ya machimboni, kisha masanduku ya misheni ya Ushirombo, na kileleni beseni la chuma la kuogea la Mzungu mmoja wa Geita, jina lake likianza na W. Lori lilipendeza! Meneja alipoiona orodha yangu akafurahi, akaniambia, "Nenda nao ukauone mpango wako." Mimi niliyeikimbia safari, nikapanda lori.

Tinde ndiyo iliyokuwa kituo cha kwanza. Tulifika saa sita mchana, tukaukuta uwanja wa Bwana Abdallah umejaa mikeka: siku hiyo alikuwa akimwoza binti yake. Mkewe, Mama Zuhura, akatujia na mwiko mkononi.

"Mchele wetu uko wapi?"

"Upo, mama."

"Wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa."

Akautazama mlima ule, akalitazama beseni. "Maji yanachemka tangu saa nne, karani. Wageni niwape maji ya moto, au niwaogeshe?"

Wapishi wakaangua kicheko. Bwana Abdallah hakucheka. Ndoa ilikuwa saa tisa, na nguo za bibi harusi zilikuwa chini ya mashine. Alisema binti yake akiaibika, yeye mwenyewe atakwenda Shinyanga kuonana na meneja. Nikaiona kazi yangu inaniaga, na mama yangu alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni karani.

Nikamgeukia Mzee Masanja nikingoja matusi. Akasema taratibu, "Weka daftari. Beba."

Tukashusha. Mashine ilitaka watu kumi, nasi tulikuwa watano pamoja na dereva. Masanja akaanzisha wimbo wa wapagazi, na watu wa upande wa bwana harusi, waliokuwa ndiyo kwanza wanafika, wakavua kanzu wakaingia kazini. Bwana harusi mwenyewe akashika mguu wa mashine. Jamaa wakataka kumzuia, shangazi yake akapaza sauti, "Mwacheni! Mke hachukuliwi kwa mikono laini!" Mchele ukatoka saa nane. Gunia la kwanza nililifikisha jikoni. La pili likanikalisha chini mbele ya wanawake wote. Binti akavikwa, akaolewa, pilau ikaliwa jioni.

Wakati wa kupakia upya ndipo Masanja aliponikemea, tena kwa sauti ya chini. "Mimi sijui kusoma. Lakini kila mzigo naupakia nikiwa nimesimama mlangoni kwa anayeungoja. Wewe ulisimama wapi?"

Nilikuwa nimesimama darasani, mwanangu. 

Tuliporudi Shinyanga, meneja akaniuliza kama mpango ulifaa. Masanja angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akatazama paa la ghala. Ikanibidi nijimalize mwenyewe: "Bwana, nusura niharibu harusi ya watu. Ameiokoa huyu mzee."

Meneja akafungua kinywa kunifukuza. Masanja akamwahi. "Nipe mimi huyu kwa mwezi mmoja. Shingo yake ikikomaa, atajua kupakia."

Nikabeba mwezi mzima. Kisha nikadumu katika ghala lile miaka thelathini na ushei, nikiwapelekea watu vitu mahali ambako, namshukuru Mungu, sikulazimika kwenda tena.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: ujinga ni kuulizwa na ajuaye, ukamjibu kwa kiburi. Kabla hujaianza kazi yoyote, ya jembe au ya ofisini, jua nani anaingoja na anaihitaji lini, uanzie hapo. Elimu yako usiitupe, maana hata Masanja baadaye alikuwa akinitajia mpangilio wa mizigo, nami nauandika. Ila aliyebeba kabla yako mpe nafasi aseme kwanza.

Haya, mwanangu. Mungu akupe nguvu za kubeba na masikio ya kuambiwa. Kila utakayempelekea kitu akufungulie mlango kwa furaha, na jioni ikukute kwenu, umeshiba, miguu umeinyoosha. Amina.