Ofisi ya Watawa, Kisima cha Nyanya

Wiki jana nilitoka Lodwar kwenda kijijini kumwona nyanya yangu, na nimerudi na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Nakueleza wewe, rafiki yangu, kwa sababu wenzangu kazini nimewaambia wakaniuliza, "Lakini si wameipaka rangi ikapendeza?" Rangi! Ndiyo, wameipaka rangi, nyeupe pe pe pe, na milango ya kijani. Ile ofisi ya watawa ambayo nililelewa kwenye veranda yake sasa ni hoteli ya wageni wa semina. Imezungushiwa ua wa waya, ina geti, ina askari, na mfereji wa maji umebaki ndani.

Hujafika kwetu, kwa hivyo ngoja nikupeleke. Ukishika barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, kuna mahali unashuka penye mikoma mingi, unavuka laga, yaani mto wetu ambao ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe huko milimani, halafu unaiona. Ilikuwa nyumba pekee ya mawe. Watawa walikuja kabla sijazaliwa, wazungu wachache wenye kanzu za kahawia, wakajenga monasteri yao ya mabati, joto likawaonyesha cha mtema kuni. Dawa na karatasi zao zikawa zinaharibika kwa vumbi, wakataka ofisi ya mawe. Mawe yalikuwa kilimani, ng'ambo ya laga. Lori lao lilizama mchangani siku ya kwanza tu, na huko likakaa, mbuzi wakapata kivuli.

Ofisi ile ilijengwa na akina nyanya. Sikiliza vizuri hapo, maana ndipo penye uchungu. Kwetu kiangazi kikikaza, wanawake huchimba kisima katikati ya laga, kirefu, na mmoja husimama chini penye maji, mwingine juu yake, na mwingine juu ya huyo. Karai hupanda mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaowaambia wote wakati wa kuinua. Basi akina nyanya walijipanga vivyo hivyo kutoka kilimani mpaka upande wetu wa laga, wakapitisha mawe kwa wimbo wa kisima. Nyanya alikuwa na mimba ya mama yangu na hakutoka kwenye mstari. Bruda mmoja mzee, mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alijitia katikati yao asaidie, lakini kila mara alipokea jiwe kabla wimbo haujafika, likamwangukia mguuni. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Miaka yote ile nyanya akimwigiza bruda anavyoruka na mguu mmoja, tulikuwa tunalia kwa kucheka.

Mimi nilipozaliwa, ofisi ilikuwa imeshazoea watu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha dawa, cha pili cha redio ya mawasiliano iliyokuwa ikikoroma mchana kutwa, na mfereji ulitokeza ukutani upande wa veranda. Ee, veranda ile! Sakafu yake ya saruji ilikuwa baridi, tukilala kifudifudi saa ile ya jua kali ambapo hata mbwa hasogei. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na ya uji wa mahindi ya njano unaoshika chini ya sufuria. Kazi yetu wasichana ilikuwa kufagia kwa kuti la mkoma asubuhi, na mshahara wetu ulikuwa ukoko wa uji. Tulipigana kwa ajili ya ukoko ule, nisikudanganye. Jirani yetu aliyekuwa akipika alikuwa anatupiga mwiko wa kichwa wote, mwenye kosa na asiye na kosa.

Hapo hapo ndipo niliposoma. Mwalimu alikuwa Mkongomani kutoka kambi ya Kakuma, mtu mwembamba mwenye koti hata kwenye joto lile, na Kiswahili chake kilitufurahisha kuliko masomo. "Batoto bangu, musilale! Soma kwa sauti!" Tukipaza sauti, na akina nyanya wakiwa wamekaa pembeni wanasuka mikeka, wanarudia herufi nasi kwa mzaha. Nyanya hakujifunza kusoma. Alisema macho yake yameumbwa kwa kutafuta mbuzi.

Kisha watawa walizeeka, hawakuletwa wengine, wakaondoka. Ufunguo waliuacha kwenye msumari mlangoni, na hakuna aliyeugusa, kwa sababu hakuna aliyefunga. Wanawake waliendelea kufagia kila asubuhi na kuteka maji pale. Unajua kwa nini? Kwetu kisima kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyetoa jasho kukichimba. Anaweza kuhama na mifugo, akirudi anazoa mchanga na kunywa, haombi mtu. Mgeni akija na kiu anapewa, lakini kumpa mgeni hakumfanyi awe mwenye kisima. Akina nyanya waliihesabu ofisi ile hivyo hivyo. Nani angewaambia vingine?

Basi siku moja yakaja magari meupe na watu wenye kofia. Wakaita baraza. Wakauliza nani ana karatasi za nyumba, wanawake wakatazamana. Wakauliza tena, kwa sauti tamu, "Mnakubali wageni wetu wakae hapa?" Mimi nilikuwa Lodwar siku hiyo, na hilo linanikera mpaka leo. Nyanya alisimama mbele ya wote akasema, "Wakae! Wanywe! Sisi hatumnyimi mgeni maji." Wenzake wakapiga vigelegele. Wale wakubwa wakapiga makofi, wakaandika kwamba jamii imekubali, wakapanda magari yao. Kukubali! Mwanamke amekaribisha watu wanywe kwenye kisima chake, nao wakaondoka na kisima. Na hawakuwa wajinga, wale. Miongoni mwao alikuwepo mtoto wa kwetu, Mturkana kabisa, aliyejua maana ya neno alilolisema nyanya, akanyamaza.

Wiki jana nyanya aliniambia jambo moja tu. Magoti yake yamekwisha, hatachimba tena laga, na kabla hajafa anataka kukaa mahali pake kwenye veranda na kunywa maji ya mfereji ule. Nikamshika mkono tukaenda.

Askari wa getini ni kijana wa jirani yetu yule mpishi. Alipomsalimu kwa Kiturkana, "Ejoka, Nyanya," hakuinua macho. "Mimi nimewekwa tu," akaniambia. Akamwita meneja, na meneja akaja mbio na tabasamu lake la Nairobi. "Karibu sana shosh! Ni utaratibu tu, mambo ya usalama." Akamvika nyanya kadi yenye kamba shingoni, ikaning'inia juu ya shanga zake.

Tukakaa. Ukutani kuna picha ya bruda mzee, na chini yake maneno kwamba watawa waliijenga nyumba hii kwa mikono yao. Kwa mikono yao! Nilitamani kuing'oa picha ile, na bruda mwenyewe angenisaidia. Pale kwenye mfereji mtu mmoja alikuwa anaosha gari kwa mpira, maji yanakimbilia mchangani. Nyanya aliyatazama maji yale kwa muda. Kisha akainua kadi yake.

"Wameandika nini hapa?"

Nilijifunza kusoma kwenye sakafu ile ile, rafiki yangu, na sijawahi kuuchukia usomi wangu kama siku hiyo. Lilikuwa neno la Kizungu. Nikamwambia, "Mgeni."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinyoosha miguu, akaweka mikono mapajani, kama mgeni anavyokaa kwetu. "Haya," akasema. "Basi mwenyeji aniletee maji."

Tukangoja. Akaja msichana wa mezani kuuliza tunaagiza nini, nikamwambia maji ya mfereji, akasema yale hayauzwi, yapo ya chupa. Meneja alipita mara kadhaa akituchekea. Gari likaoshwa likang'aa. Nyanya akasema twende.

Getini alivua kadi akaikabidhi. Askari aliona midomo yake ilivyokauka, akainama chini ya kiti chake, akatoa chupa kuukuu ya plastiki, akampa kwa mikono miwili. Nyanya akanywa. Akasimamisha chupa, akaonja tena ulimini.

"Haya ni ya laga. Yana mchanga."

"Ndiyo, Nyanya," askari akasema. "Mama huchota asubuhi. Yale ya ndani sisi haturuhusiwi, ni ya wageni."

Nyanya akaigeukia nyumba, nyeupe kwenye jua. Akauinua mguu mmoja, akaruka kidogo, kama bruda alipoangukiwa na jiwe. Safari hii hatukucheka.