Pilau Juu ya Maji ya Rukwa

Mwaka 2013, lori lako likikwama Tunduma kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, hukuwa na haja ya kumtafuta Othmani. Yeye ndiye angekutafuta, tena angekukuta mezani. Mawakala wengine wa forodha walikuwa na ofisi, mabango na feni. Othmani, mtu wa Kondoa aliyeingia mji ule na begi moja na mdomo, alikuwa na tumbo. Alikaa kwa mama lishe kando ya madereva, akasogeza sahani yake karibu na yako, akalisifia lori lako, akakuuliza habari za watoto, na kabla hujamaliza mchuzi karatasi zako zilishakuwa mfukoni mwake. Miaka kumi na minane alifanya kazi hivyo, na aliifanya vizuri, tumpe haki yake. Hakuna dereva wa Ndola wala Lubumbashi aliyekula peke yake Othmani akiwa mjini.

Waliokula peke yao walikuwa nyumbani kwake.

Mkewe Mwasiti alipika kila jioni, akakifunika chakula cha mume kwa kawa, kikapoa. Mtoto wa pili, Habibu, wa miaka kumi na mitatu, hakuona tatizo, maana chakula cha baba kikilala asubuhi ni chake. Wa kwanza, Sabra, aliona. Aliitazama ile kawa mpaka akachoka kuitazama, na alipotimiza miaka kumi na sita akaanza kupakua chake na kuingia nacho chumbani, mlango kwa ufunguo. Novemba alimaliza kidato cha nne. Shangazi yake wa Tanga akampigia simu aende akaishi huko. Basi lilikuwa la Jumatatu alfajiri.

"Ameniambia akienda harudi," Mwasiti alimwambia mumewe. "Na mimi ninamwamini."

Othmani alianza kucheka, kisha akaacha. Bingwa wa kula na wageni wa nchi tano hakuwa amekula sinia moja na binti yake tangu akiwa darasa la nne. Zilibaki siku sita. Akaapa moyoni: kabla ya basi lile, Sabra atakula nami. Mara moja tu, mkono wake na wangu kwenye sinia moja, kisha aende anakotaka.

Mtu mwingine angebaki nyumbani jioni moja, akakaa mkekani, akala. Lakini Othmani alikuwa Othmani. Siku ileile tajiri mmoja wa malori kutoka Livingstone alimwonyesha picha kwenye simu: boti kubwa mtoni, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, wazazi na watoto wao wakubwa wanakula jua likielekea kuzama.

"Hii inaitwa kruzi, mulamu," alisema yule Mzambia, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao. "Mnazunguka majini huku mnakula. Baba ana chake, mama ana chake, vijana wana chao. Wanachagua. Hata yule mwenye kununa anakula, maana hana pa kwenda."

Hana pa kwenda! Othmani alilipenda neno hilo kuliko chakula chenyewe. Pale majini kungekuwa na chumba gani cha kujifungia?

"Sisi tuna Rukwa," alijibu, kifua mbele, utadhani alilichimba yeye lile ziwa.

Siku tatu zilizofuata akashughulikia orodha ya chakula. Yeye na mkewe, pilau ya mbuzi. Habibu aliagiza chipsi kuku kabla hajamaliza kuulizwa. Ikabaki kwa Sabra.

"Utakula nini, mama?"

"Chochote."

"Chochote kama nini? Samaki? Tambi?"

"Baba, nimesema chochote."

Ofisa wa forodha akikukatalia, unajua umekataliwa nini. Lakini "chochote" ya binti wa miaka kumi na sita haina dirisha la kukatia rufaa. Othmani alipiga hesabu usiku kucha, akaamua kubeba kila kitu: samaki, tambi, mayai, viazi, na jiko la mkaa ili vyote vipikwe hukohuko, vya moto, kama kwenye picha. Mwasiti alifungasha madumu mawili ya maji safi, kwa sababu maji ya Rukwa yana magadi, hayanyweki wala hayapikiki. Alitaka matatu. Othmani akasema la tatu litabana kreti la soda.

Jumamosi walikodi gari, wakaiacha lami na kuteremka kuelekea Ivuna. Joto lilipanda kadiri walivyoshuka. Waliwapita akina mama wanaochemsha chumvi, nyuso zimepauka kwa moshi, na hakuna aliyepunga mkono. Sabra alikuwa na waya za simu masikioni tangu Tunduma.

Ufukweni walikuta kitu ambacho Othmani alikicheka kabla hajakielewa. Mahali pa kuchotea maji palizungushiwa miti na miiba, imesimikwa ndani ya ziwa kama zizi. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya miiba ile, mbali na maji, anachota kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu.

"Huku wanafuga maji!" Othmani alisema kwa sauti. "Wanaogopa yatatoroka!"

Yule mwanamke alimtazama, akawatazama watoto mmoja mmoja, akajitwisha ndoo yake na kuondoka.

Mwenye boti aliitwa Jonasi, Mnamwanga mtu mzima, mkavu kama samaki wa kubanika. Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mashine moja nyuma. Alilitazama jiko, masufuria matatu, kreti na kitambaa cheupe cha meza.

"Bosi, uliniambia kutembea majini. Hukuniambia hoteli."

"Mzee Jonasi, wewe endesha. Leo utaona mambo ya Livingstone."

"Livingstone sijafika. Hapa nimezaliwa." Akaweka ndoo yenye mfuniko katikati ya boti. "Basi, sikilizeni nyote, na wewe dada toa hizo waya. Mfupa, ganda, tonge, maji ya kuoshea nyama, vyote humu. Hakuna kinachokwenda chini. Mwezi uliopita mtu alisafishia samaki ukingoni mwa boti yake. Boti tuliipata."

"Na mtu?" Habibu aliuliza.

Jonasi aliivuta kamba ya mashine, ikanguruma. Mwasiti akamvuta mwanawe karibu.

Maji ya Rukwa ni ya tope. Ukitumbukiza kidole huioni ncha yake. Walikwenda kiasi cha nusu saa, ukingo ukawa mstari, ndege weupe wakaruka mbele yao na hawakutua tena. Jonasi alizima mashine ili moshi wa jiko usiwarudie. Hapo kimya kikashuka. Hapakuwa na upepo, wala samaki aliyeruka, ila mafuta yalikuwa yakichemka kwenye sufuria. Magogo mawili matatu yalielea kwa mbali, na Othmani akaona yanapendezesha mandhari.

Mwasiti alipika pilau kwanza. Kisha chipsi na kuku. Kisha Othmani akataka tambi. "Zinahitaji maji mengi," Mwasiti alisema, "na dumu la pili limefika nusu." "Weka," akasema mumewe, "mtoto kasema chochote." Dumu likainamishwa mpaka tone la mwisho.

Kitambaa cheupe kilitandikwa juu ya kreti. Habibu alijitenga mbele kabisa ya boti na kuku wake, mgongo kawapa. Sabra alikaa katikati, mbele yake samaki, tambi, mayai na chipsi vimepangwa kama duka. Hakugusa kimoja. Kama binti angekuwa na lori, Othmani angalau angemuuliza habari zake.

"Binti yangu," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya mpakani. "Mimi sijui unapenda nini. Ndiyo maana nimebeba vyote."

Sabra akazitoa waya, alizozirudisha masikioni walipoacha ufukwe.

"Napenda pilau, Baba. Napenda pilau tangu zamani. Kila mtu nyumbani anajua."

Akasogea. Akaketi mbele ya sinia la baba yake, akakunja mkono wa shati, akatia mkono. Othmani alijifanya kuhangaika na kachumbari ili asionekane macho. Walikula. Sabra alimnyang'anya kipande cha mbavu, akamwambia, "Hii ni ya miaka saba iliyopita," na wakacheka wote watatu, Mwasiti akicheka kwa kujifuta pua kwa kanga. Othmani aliona kazi imekwisha. Basi la Jumatatu lilikuwa tayari limepata pancha.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Habibu. Kule mbele, mifupa ya kuku ilikuwa ikidondoka majini mmoja mmoja, polepole, kwa sababu mtoto alitaka kuona kama samaki watakuja. Hawakuja. Alishangaa kidogo, akatupa mwingine.

Jonasi alikuwa nyuma, amewapa kisogo, akijaza mafuta kwenye tangi.

Sabra alipomaliza aliinua mkono wake uliong'aa mafuta. "Maji ya kunawa?"

Mwasiti alitikisa dumu la kwanza, akatikisa la pili. "Yameishia kwenye tambi. Jifute na kitambaa."

"Ajifute kwa nini!" Othmani alisema. Furaha ilikuwa imempanda kichwani kama soda. Mwanawe hawezi kula chakula chake halafu akajifuta kama fundi wa gereji. "Amezungukwa na maji! Nawa hapo, mama. Leo ziwa zima ni bakuli lako."

Sabra akainama.

Othmani aliona magogo. Yale ya mbali hayakuwepo tena mbali. Moja lilikuwa limebaki hatua mbili kutoka kwenye boti, na lilikuwa na macho, na lilikuwa likizama taratibu, bila kutikisa maji, pale pale mkono wa Sabra unapokwenda.

Hakupiga kelele. Mdomo ule uliomlisha miaka kumi na minane haukutoa hata herufi. Alimpiga mtoto kikumbo kwa bega, na mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, ukateleza kwenye ubao na kuingia majini badala ya ule wa binti.

Boti ililala upande. Sinia, tambi, kreti, vyote vikaenda. Othmani alikuwa amebanwa mpaka kiwiko, kifua kwenye ukingo, na kitu kule chini kilikuwa kikivuta bila haraka. Sabra alimshika mkanda, miguu kaipachika kwenye mbao. "Bosi, akijigeuza usigeuke naye!" Jonasi alipayuka akija kwa magoti. "Mshikeni asizungushwe!" Ni Mwasiti aliyelinyanyua jiko. Alilinyanyua kwa mikono mitupu, likiwa na moto wake wote, akalipindua juu ya pua iliyojitokeza. Maji yakapiga mvuke. Kilichokuwa kikivuta kikaachia.

Jonasi alishika mashine. Habibu alikuwa analia jina la mama yake. Mkono wa Othmani sitausimulia. Itoshe kwamba Mwasiti alivua kanga ya juu, akaizungusha mara tano, na bado ikalowa.

"Tone lisiende majini," Jonasi alisema. Hakugeuka nyuma. "Dada, uinue mkono wa baba yako. Juu. Juu zaidi."

Sabra aliuinua. Damu ilimtiririkia yeye, kwapani, kwenye shati. Nusu saa nzima aliushika hivyo, macho yake nyuma ya boti. Othmani alimuuliza anaona nini.

"Hakuna, Baba."

Alikuwa anaona mikunjo mitatu ya maji, imetulia, inakwenda mwendo wao.

Karibu na nchi kavu maji yalipungua, mashine ikakwama topeni, na ufukwe ulikuwa bado mita mia. Jonasi alikataza mtu kushuka. Alipiga mluzi mpaka wachungaji wakasikia, wakaswaga ng'ombe hamsini majini kwa fimbo na kelele, na katikati ya kwato zile boti ikavutwa. Ng'ombe mmoja hakutoka.

Jumatatu alfajiri basi liliondoka Tunduma na kiti kimoja kitupu. Sabra alikuwa Vwawa, wodini, kando ya kitanda cha baba yake. Mwasiti alikuwa ameleta pilau asubuhi ile, kwa vile mgonjwa aliitaka hiyo na si nyingine, akaenda kumfariji Habibu aliyegoma kuingia. Sabra alipakua katika sinia moja. Alimlisha baba tonge moja, akala lake, akamlisha tena.

Homa ya Othmani ilikuwa juu na mdomo ulikuwa umerudi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walishasikia kwamba mamba alikuwa na urefu wa lori na tela. "Mkono ukipona," alikuwa akisema, "nitakodi boti ya chuma. Tutakula hukohuko tena, mimi na huyu. Muulizeni kama hajafurahi. Si ulifurahi, mama?"

"Nilifurahi, Baba."

Chini ya bendeji, kutoka kwenye vidole kupanda juu, rangi ilikuwa imebadilika tangu jana, na harufu ilikuwa imeanza kuishinda ile ya pilau. Saa moja kabla, daktari alikuwa amemwita Sabra kwenye korido, akamwonyesha kwa kalamu, kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko, mahali watakapokata saa nane mchana. Baba yake alikuwa bado hajaambiwa. Ilikubaliwa ale mapema hivi, cha mwisho kabla ya kisu, kisha aambiwe.

Sabra alifinyanga tonge jingine, dogo, ili sinia lisiishe haraka.

"Fungua mdomo," akamwambia.