Simu Iliyofika kwa Tarakimu

Miaka ya sabini nilikuwa nikipeleka simu za maandishi kwa baiskeli, Shinyanga mjini na vijiji vya jirani. Mtambo wetu ulikuwa na ugonjwa wake. Kila kitufe kilibeba herufi na tarakimu, na ukikwama upande wa tarakimu, maneno yote yalitoka namba, nukta na mabano.

Asubuhi moja ikaja simu ya namna hiyo kutoka Geita, ya mzee mmoja wa Ibadakuli. Binti yake alikuwa amelazwa huko, mja mzito, naye mzee alingoja neno moja tu: apande basi au asipande.

"Tuombe irudiwe kwanza," nikamwambia mkuu wangu.

"Omba. Lakini hii peleka. Simu huenda kama ilivyoingia." Ndivyo kanuni ilivyosema, simsingizii.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia mzee nyumbani kwake.

"Marahaba. Ng'wanawane mzima?"

"Mwanao sijui, baba. Mashine imeharibu, inarudiwa. Labda upande tu basi."

Mdogo wake alikwisha kuipokonya karatasi. "Tisa, na tisa tena! Hizi ng'ombe, kaka. Mkwe anamalizia mahari."

"Baba mdogo, si ng'ombe, ni mashine."

"Wewe umeoa, au umeoa baiskeli?" Watu wakacheka. "Nani anamtajia mzee ng'ombe, mwanawe yu kitandani? Ukiona katajiwa, binti kapona."

Kusema haki, hoja ilikuwa nzito. Kwetu ng'ombe hawatajwi penye mgonjwa. Mimi wa darasa la nne nikaanza kujishuku mwenyewe. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, akarudisha kifurushi chake cha safari ndani, akaagiza mbuzi. Basi la Geita likapita.

Alasiri marudio yakatoka safi: HALI MBAYA NJOO UPESI. Zile tisa mbili zilikuwa o mbili za mwisho wa "njoo".

Nikawakuta wanakula. "Karibu nyama, bwana mashine!" akasema mdogo mtu. Mzee akasoma, vidole vina mafuta. Akauliza basi. Nikamwambia ni kesho.

"Hii ndiyo mbovu," mdogo wake akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri." Safari hii hakuna aliyecheka.

Sijui kama kwa basi lile mzee angemwahi binti yake. Barabara ilikuwa mbaya, na huenda namwonea mdogo mtu.

Simu ya tatu iliingia kesho yake alfajiri, haina kasoro hata herufi moja. Nikaifikisha stendi. Mzee alikuwa amekwisha kukaa dirishani, kifurushi mapajani. Hakunyoosha mkono.

"Soma wewe," akasema.

Injini ilikuwa inanguruma. Ikabidi nisome kwa kupaza sauti.