Unyusi wa Kushoto wa Bunnam

Sikutaka kuandika habari hii. Mkono wangu umezoea jembe na kisu cha kabichi, na herufi nilizijua nikiwa na miaka sitini na minane, kwa hiyo mstari mmoja unanichukua muda ambao ningemenya ndoo nzima ya vitunguu saumu. Lakini mwalimu wa darasa letu la wazee, hapa ukumbi wa kijiji, anataka kila mmoja aandike maisha ya mtu anayemjua, na Bunnam amenikalia shingoni. "Andika yangu," ananiambia. "Yote. Ukinipamba nitajua." Yeye ana mwandiko mzuri kuliko mimi, ila eti mkono unamuuma. Mkono haumuumi. Haya, naandika.

Mwaka wa kisa hiki Bunnam, mama yake Donggyu, alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mume alishafariki, watoto wako mjini, na shamba la pilipili la hapa kijijini Darakgol alikuwa akililima mwenyewe. Mtu huyu alikuwa hajawahi kutoka mlangoni bila nyusi. Za kuzaliwa zilimpukutika alipojifungua mtoto wa mwisho, akabaki na paji tupu kama yai, basi kila asubuhi, kabla hajabandika mchele jikoni, huchora mbili kwa wanja. Hata siku za kuvuna pilipili, jua linachoma, anachora. Jasho likimteremshia wanja mashavuni sisi tunacheka, naye anatujibu, "Nyinyi endeleeni kufanana na viazi."

Mwezi wa kwanza, ardhi imeganda na shambani hakuna kazi, akaja Mihyang na sanduku lake la tatuu za nyusi, rangi inayotiwa ndani ya ngozi kwa sindano. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye vidole virefu. Wakati ule sheria ilisema kazi ile ni ya daktari peke yake, ingawa sijawahi kumwona daktari akija ukumbini kwetu kuchora bibi kizee nyusi. Kwa hiyo Mihyang hakuwa na kibao wala tangazo. Alichokuwa nacho ni midomo ya wanawake. Mmoja akimsifu kwa dada yake wa kijiji cha pili, anaitwa huko, na huko wakimsifu, anaitwa mbele. Alikula kwa midomo hiyo, yeye na mume wake mgonjwa wa figo.

Tulijiandikisha watano. Baada ya Mwaka Mpya wetu, ule wa kalenda ya mwezi mwandamo, alikuwa anakuja mpiga picha wa wilaya kutupiga zile picha ambazo mtu huwekewa mbele ya jeneza lake, na hakuna aliyetaka kuwatazama waombolezaji bila nyusi. Tukalala kwa mstari kwenye sakafu ya ukumbi inayopashwa moto kwa chini, tumepakwa dawa ya ganzi, juu tumefunikwa plastiki ya kufunikia chakula.

"Tunafanana na mabaki ya chakula cha jana," akasema Jomsun, mama yake Suyon, jirani yake Bunnam.

"Wewe ni wa juzi," Bunnam akamwambia.

Mihyang alipomaliza alituketisha, akasema, "Mama zangu, mimi nimefanya nusu. Nusu ni yenu. Siku saba maji yasiguse. Uso mnaupangusa kwa kitambaa kibichi, mnaishia chini ya macho. Hamamu hakuna, mvuke hakuna, jasho hakuna. Asubuhi na jioni mafuta ya mgando kidogo, kama punje ya mchele. Msipake kama mnakaanga yai. Siku ya nne pataota kigaga, kitawasha. Msikikune, msikibandue. Rangi imeshikana nacho. Kikianguka chenyewe rangi inabaki, mkikivuta inaondoka nacho. Na baada ya hapo, mkienda shambani, kofia, kwa sababu jua linakula rangi."

"Na nikiwashwa sana?" Jomsun akauliza.

"Jipige kofi kidogo pembeni, mama, kama unafukuza inzi."

Bunnam akajitazama kwenye kioo, akageuza uso huku na huku. Alikuwa amependeza kweli. "Ngozi yangu si ya watoto wa mjini," akasema. "Mimi nilijifungua asubuhi, jioni nikachota maji."

"Ngozi haijui hayo, mama. Siku saba."

Siku ya tano ikaangukia mkesha wa Mwaka Mpya. Huku kwetu mtu hasimami mbele ya meza ya tambiko la wahenga akiwa na nongo za mwaka uliopita. Bunnam aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana, na hakuna mwaka hata mmoja aliowaandalia wahenga wa mumewe chakula bila kwanza kwenda hamamu, kujiloweka na kujisugua mpaka ngozi ing'ae. Alijiambia ataosha mwili tu, uso ataacha. Lakini hakwenda hamamu yetu ya karibu na posta. Alipanda basi la kwanza hadi mjini, kwenye ile ya karibu na soko la ng'ombe, ambako hajulikani. Mtu anayefanya hivyo moyoni ameshajua atakachofanya.

Aliingia kwenye maji ya moto hadi shingoni. Mvuke ukapanda. Kigaga kikaanza kuwasha, akajipiga kofi pembeni, kikawasha zaidi. Akatoka, akaketi kwenye kigoda, akavaa mkononi kile kitambaa cha kijani cha kusugulia, kigumu kama gome. Akaanza na mikono, nongo zikabiringika za kijivu. Mapaja. Kifua. Shingo. Kisha mkono ukapanda usoni wenyewe, njia uliyoizoea miaka hamsini, naye hakuuzuia. Aliniambia ilikuwa raha, na hilo ndilo limemkaa kooni hadi leo. Ilikuwa raha mno.

Alipokitazama kitambaa aliona katikati ya nongo vipande vya kahawia kama majani ya chai. Akajimwagia maji, akasogea kwenye kioo. Unyusi wa kulia ulikuwa umefifia, lakini upo. Wa kushoto ulibaki nusu, umekatika katikati kama mkia wa mjusi.

Mwaka Mpya ukapita kwa wanja. Siku ya nne ya mwaka tukakutana ukumbini, sisi wengine nyusi zetu zimetulia kana kwamba zimeota. Jomsun ana macho ya mwewe.

"Mama Donggyu, mbona una wanja? Hebu." Akampangusa kwa kidole gumba kabla hajakwepa. Chini ya wanja palikuwa na nusu unyusi, nasi sote tukauona.

Hapo angeweza kusema. Tungecheka wiki moja, tukasahau. Lakini Bunnam hajazoea kuchekwa kwa jambo la kweli.

"Muulizeni yule mwanamke wenu," akasema. "Wino wake maji matupu."

"Mbona sisi zimeshika?"

"Nyinyi alianza nanyi. Mimi nilikuwa wa mwisho, chupa imebaki mashapo, akaongeza maji. Nilimwona."

Alivyosema "nilimwona", ndivyo tulivyoamini. Jomsun alikasirika kuliko mwenye nyusi. Ana dada yake aliyeolewa Nomigol, kijiji cha nyuma ya kilima, ambako wanawake kumi na wawili walikuwa wamemwita Mihyang. Akapiga simu palepale. Wanawake wa Nomigol wakaghairi. Kutoka Nomigol neno likafika kwa mwenye saluni ya stendi, aliyekuwa akimpa Mihyang chumba cha nyuma, naye akamwambia aje achukue vitu vyake. Habari hizo zote Bunnam alizisikia ameshika karata mkononi. Akaendelea kucheza. Alifungwa mchezo ule na uliofuata.

Siku moja kabla ya picha, Mihyang akaja nyumbani kwa Bunnam. Bunnam alikuwa barazani anachambua soya. Alipomwona langoni akajiandaa kugomba. Lakini yule hakuja na ugomvi.

"Mama, nimesikia. Nioneshe."

Akavaa miwani, akamshika kidevu kama mtoto, akatazama muda mrefu. "Sielewi," akasema. "Nilikandamiza kwa mkono uleule."

Kisha akapandisha mguu wa suruali. Kuanzia gotini kushuka chini, juu ya mfupa wa muundi, palikuwa na mistari midogo imepangwa kama vipimo vya rula, mingi.

"Kila chupa ninayonunua naianzia hapa," akasema. "Simgusi mtu kabla sijaona kama inakaa. Hii hapa ndiyo yako, mama. Iangalie."

Ilikuwa imekolea, haijafifia hata kidogo.

"Kwa hiyo si wino. Kuna kilichotokea? Maji? Mvuke?"

"Hakuna," Bunnam akasema.

"Basi ni mkono wangu." Mihyang akavua miwani. "Siku hizi nikishika sindano nawaza nikiharibu, itakuwaje. Labda niache kabla sijamtia mtu upofu. Nisamehe, mama." Akapiga magoti pale barazani, akainamisha paji hadi sakafuni.

Bunnam aliona njia ya nywele zake, nyeupe katikati ya weusi, na mgongo mwembamba ndani ya koti. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Alimpa chai ya shayiri, akamwambia njia inateleza, ashuke polepole. Alipoondoka, Bunnam akarudi kwenye soya zake, akajikuta anatupa nzima na kuweka zilizooza.

Kesho yake tulipanga foleni ukumbini na nguo zetu za sherehe. Mpiga picha, dada mmoja mchangamfu, alimketisha Bunnam kwenye kiti. Bunnam siku hiyo hakupaka wanja. Hajui kwa nini, anasema mkono ulikataa.

"Mama, nikuchoree kidogo huo wa kushoto?"

"Mchoree, mwanangu," Jomsun akadakia kutoka kwenye foleni. "Si kosa lake maskini. Ni yule mwizi mwenye sanduku."

"Nyamaza, Mama Suyon," Bunnam akasema.

"Nanyamazaje, na amekuharibia hata picha ya msiba wako?"

"Nilienda hamamu."

"Hamamu gani?"

"Ya mjini. Siku ya tano. Nilijisugua uso, nikabandua vigaga mwenyewe kwa kitambaa cha nongo. Wino haukuwa na maji. Sikumwona akiongeza kitu."

Hakuna aliyecheka. Jomsun alimtazama. "Nimemwita mwizi mara ngapi mbele yako?"

"Nyingi."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia."

Jomsun akachukua koti lake, akatoka bila kupigwa picha. Yule dada wa wilaya hakuelewa kitu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nipige?"

"Piga."

Jioni ile Bunnam alimpigia Mihyang simu. Akasema yote bila kupumua. Mihyang akauliza kama fundi, "Maji ya moto?"

"Ya moto."

"Ulisugua uso mkavu au mbichi?"

"Mbichi. Kwa nguvu."

Pumzi ndefu ikasikika. "Basi si mkono wangu," Mihyang akasema, akijisemea mwenyewe. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Nomigol hawataki hata kusikia jina langu, mama," akakata.

Asubuhi Bunnam akapanda basi kwenda Nomigol, paji wazi, unyusi wa kushoto nusu, bila wanja, bila kitambaa cha kichwa. Ndani ya basi aliketi akitazama viatu vyake. Ukumbini aliwakuta wanakula tambi. Akasimama mlangoni, akajitaja jina na kijiji, akawaambia ni yeye aliyezusha habari za wino, na kwamba nyusi alizisugua mwenyewe hamamu.

"Yaani umemkosesha mtu kazi kwa ajili ya nongo?" mmoja akauliza.

"Ndiyo."

Hao walicheka, mmoja hadi akapaliwa. Bunnam alisimama akichekwa, masikio yanamwaka, hakuondoka. Mwingine, mzee kuliko wote, hakucheka. "Tutajuaje kama yule mwanamke hakukutuma?"

Swali hilo hakulitegemea. "Angenituma, angenirekebisha kwanza," akasema. "Nani anatuma tangazo lenye uso huu? Njooni mnitazame."

Wakaja, wakamtazama kwa karibu, wengine na vijiti vya kulia tambi mkononi. Wawili waliandika namba ya simu. Waliobaki walisema watafikiri, na sijasikia kwamba wamemaliza kufikiri.

Tangu hapo Mihyang amekuja Darakgol mara mbili. Sisi hutuongezea rangi, na Bunnam ndiye anayetukumbusha zile siku saba na kutunyang'anya vitambaa vya kusugulia. Yeye mwenyewe hajaomba kurudiwa. Anasema hawezi kulala mbele ya mikono ile mpaka Mihyang mwenyewe amwite. Mihyang humwamkia vizuri, lakini hajamwita. Jomsun, aliyemnunia Bunnam tangu siku ya picha, ameanza kumjibu mwezi uliopita.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usinisifie mwandiko. Kuna mtu uliyemzulia uongo, na unamjua. Nenda kwa walewale waliokusikia, ukaliondoe neno lako kwa mdomo wako, kisha uje uniambie walisemaje. Nipo ukumbini kila siku isipokuwa siku ya soko.