Nilivyowasomea Katuni ya Wateleza Barafu

Mimi ni msusi. Nikisema kwamba katuni ya Kijapani ya wale vijana wanaocheza juu ya barafu ina mapenzi mazuri kuliko tamthilia zote zilizowahi kuonyeshwa saluni kwangu, nasema bila kupepesa macho. Rasta ndogo zinakula siku nzima, na televisheni haizimwi. Nimeona watu wengi wakilizwa kwa nguvu humo ndani, kwa hiyo siwezi kudanganywa.

Saluni iko mtaa wa Nyakabiga. Wateja wangu wengi hawasomi Kifaransa, na katuni ilikuwa na maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha. Basi mikono inasuka, macho yanasoma, mdomo unawasimulia kwa Kiswahili. Kwa kazi hiyo sijaona wa kunishinda mtaani.

Mara ya kwanza walicheka sana. Wanaume wazima, suruali za kubana, vitu vinang'aa kifuani, wanazunguka kama pia! Mmoja akauliza kama kwao hakuna mpira. Nikamwambia anyamaze amtazame yule mwembamba, anayeanguka kila akiruka. Barafu sisi tunaijua ya kwenye masanduku ya samaki tu, lakini kuanguka mbele za watu nani hakujui? Kufikia sehemu ya tatu, kijana akiruka, saluni nzima ilikuwa inashika roho mkononi.

Nilichokipenda ni kwamba hawakimbilii kuambiana maneno matamu. Mshindani wa yule mwembamba, ambaye angefaidika mwenzake akianguka, ndiye anayepiga goti kumfunga kamba za viatu, kwa kuwa mikono ya mwenzake inatetemeka. Halafu anasimama na kwenda kushindana naye kwa nguvu zote, bila kumhurumia. Hayo kwangu ndiyo mapenzi, na anayebisha aje tubishane.

Siku ya sehemu ya mwisho nilikuwa namsuka mama mmoja wa Uvira anayeishi Kanyosha, mteja wangu wa miaka mingi. Huyu namsomea pia ujumbe wa simu kutoka kwa mkwe wake, mzungu aliyeolewa na mwanawe huko Ulaya, asiyejua neno la Kiswahili. Wiki mbili kabla, mkwe alikuwa ameandika kwamba hawawezi kumpokea mama aende kuishi nao. Mama alikuwa ananitazama kwa furaha iliyoje! Nikashindwa. Nikamwambia wanamtayarishia chumba. Nilijipa moyo kwamba mwanawe angempigia mwenyewe amweleze. Hakupiga. Na asubuhi hiyo, alipoketi tu, mama akanieleza kwamba ameshamwarifu mwenye nyumba wake kuwa mwisho wa mwezi anahama. Nikaendelea kusuka.

Kwenye katuni, mashindano yakaisha. Yule mshindani akamkumbatia mwenzake ukingoni mwa barafu, akamwambia anampenda. Maneno niliyasoma vizuri kabisa. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi mteja mwingine, mwanamke wa Kiislamu mwenye heshima zake, nikaona haya. Nikatangaza kwamba amemwambia, wewe ni ndugu yangu.

“Ndugu?” akasema mama wa Uvira. “Mi niko na bandugu batano. Hakuna hata mumoja mwenye ananiangaliaka vile.”

Wakacheka wote. Nikakiri kwamba kijana amesema anampenda. Yule mteja wa Kiislamu akasema astaghfirullah, akageukia ukutani, ila hakuondoka, na baada ya kitambo akauliza kama wameshinda. Mama wa Uvira alikuwa ameacha kucheka. Alifungua mkoba, akatoa simu, akanipitishia juu ya bega lake.

“Na mukwe wangu,” akauliza, “ye alisema nini?”

Ningeweza kudanganya tena, na kwa ufundi zaidi. Nikautafuta ule ujumbe, nikamsomea kwa Kiswahili bila kuongeza sukari: nyumba yao ni ndogo, hawana mahali pa kumlaza, asije. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikamwomba msamaha, nusu ya kichwa chake ikiwa bado haijasukwa. Kisha akaniambia nifanye haraka, awahi kwa mwenye nyumba kabla hajapata mpangaji mwingine.

Aliwahi, na bado anakaa Kanyosha. Nywele bado ananiletea mimi, na ujumbe pia. Ila sasa ananitaka niusome kwanza kwa Kifaransa, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Haelewi hata neno moja. Anageuza kichwa, rasta zinanichomoka vidoleni, ananitazama mdomo mpaka nimalize.

“Sasa,” anasema, “uniambie.”