Mguu wa Nereida Hautaki Moshi

Haki ya Mungu, yote yaliyomo humu ni kweli tupu, na mwandishi hajatia chumvi hata punje.

Saa moja asubuhi, mjini Cabaiguán, Kuba, Nereida Cabrera anakata ncha ya sigara nene aliyomaliza kuiviringisha. Anaivuta bila kuiwasha, kisha anaitikia kwa kichwa.

“Hewa inapita vizuri,” anasema. “Hii ina mishipa mizima kuliko mimi.”

Ana miaka sitini na moja, na mingi ameimalizia kwenye benchi hili la kiwanda cha sigara. Zamani kila mviringishaji alivuta akifanya kazi, bure, kwa desturi ya kiwanda. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alitundika kofia yake hewani asubuhi, akaikuta palepale jioni.

Marehemu mumewe, Onelio, alikaa ubavuni pake. Aliwasha sigara ya kwanza ya siku, akavuta mara mbili, akampokeza. Jukwaani msomaji aliyeajiriwa na kiwanda aliwasomea riwaya, na sehemu tamu ikifika, wote waligonga meza kwa visu vyao vya kukatia tumbaku.

Mwaka jana mguu ukaanza visa. Akitembea nusu ya mtaa tu, shavu la mguu linakaza. Kidonda kilichotoka kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Daktari akamweleza kuwa kemikali za moshi zimeharibu kuta za mishipa, damu inapenya kwa shida, na akiendelea mguu utakatwa. Nereida alibisha: mtu wa sigara nene hamezi moshi.

“Hata mdomo unapitisha sumu kwenye damu, mama,” daktari akamjibu.

Mpwa wake akamletea sigara ya mvuke kutoka Tampa, Marekani. Akaifyonza kwa raha, akidhani ni mvuke wa maji tu, huku kidonda kikipanuka. Daktari akamwonya tena: nikotini inabana mishipa, ije kwa moshi au kwa mvuke.

Tangu Pasaka hajavuta moshi wala mvuke. Kidonda kinafunga. Kilichobaki kigumu ni asubuhi.

“Tumbaku siitamani,” anasema taratibu. “Namtamani Onelio akinipokeza.”

Kwenye sikukuu za mji anapanga kucheza dansi ya danzón nzima, kwa miguu yake yote miwili.

Leo nesi Yamisleidy amekuja ukumbini kupima mpigo wa damu miguuni. Nereida anamgeukia Wilfredo, msomaji mstaafu wa jukwaa lile, ambaye ndiye anayeandika habari hii, na kumuuliza kama naye ameacha. Wilfredo anaapa kwamba aliacha zamani, hata harufu haikumbuki.

“Kaka, tangu lini shati lako linanukia mapera?” Nereida anamuuliza.

Ukumbi mzima unagonga meza. Wilfredo anatoa mfukoni kidude cha mvuke chenye ladha ya mapera, anamkabidhi Nereida, anavua kiatu.

Nesi anaweka vidole juu ya mguu wa Wilfredo, anautafuta mpigo. Anakawia kuupata. Mmoja mmoja, waviringishaji wanaweka visu chini.